Eksirei imetoka safi, mbona mgongo bado unauma?

Ugonile! Hili swali tunaulizwa karibu kila wiki hapa ofisini kwetu Kabwe, Mbeya, tunapohudumia wenye maumivu ya muda mrefu. Mtu anafika na bahasha ya eksirei kwapani, kashapiga mara mbili anaambiwa hamna kitu, na nyumbani wameshaanza kumuona anadeka. Hadeki. Kwanza eksirei inaonyesha mifupa, mishipa ya fahamu huioni humo hata uishike juani mpaka jioni.

Chukulia ulinyanyua lumbesa ya viazi Uyole, mgongo ukashtuka. Nyama iliyoumia mara nyingi inapona ndani ya wiki kadhaa, ila maumivu yakishavuka miezi 3 inawezekana kabisa kidonda kilishafunga zamani, sema mfumo wa fahamu umeshazoea hatari, taarifa ndogo ikifika kwenye uti wa mgongo na ubongo inakuzwa, unainama kuchukua ndoo tu unalia. Ni kama mbwa aliyewahi kukuta mwizi wa kuku, tangu siku hiyo hata jani la mgomba likitikisika anabweka. Kelele ni za kweli, mwizi ndo hayupo. Wataalamu wa maumivu duniani waliyapa maumivu ya namna hii jina lake rasmi mwaka 2017, kwahiyo sio stori zetu za kuuzia huduma.

Na huyo mbwa anazidi ukali ukikosa usingizi, ukiwaza ada na marejesho ya vikoba. Ukiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, moyo mbio, shingo inakaza, tumbo linavurugika, ndo maana wengine wanakuja na mgongo, kichwa na tumbo kwa mpigo.

Sasa sisi tunafanyaje? Masaji tunafanya, inatuliza, ila ntakuwa muongo nikisema tutakukanda mara 3 yaishe. Siku ya kwanza nusu ya muda ni maongezi. Halafu unaanza kuinama na ndoo tupu, baadae robo, baadae nusu, mwili ujifunze upya kwamba kuinama sio hatari, na kupumua taratibu, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Kuna siku utarudi nyuma, ni kawaida.

Ila ukiwa na ganzi sehemu za siri, mkojo unatoka wenyewe au mguu umelegea ghafla, usije kwetu, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Homa au kukonda bila sababu, daktari kwanza.

Tupo Jumatatu mpaka Jumamosi. Na bahasha njoo nayo, tutaiangalia wote.