Kabla ya kukata utepe wa kiwanda cha chanjo, tuonyesheni oda

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma tahariri yenu ya wiki iliyopita, ile inayotaka Afrika Mashariki ijenge kiwanda chake cha chanjo kabla janga jingine halijabisha hodi. Sina ugomvi nayo. Nina nyongeza moja tu, na naianzia kwenye kichupa.

Agosti 2021 nilikuwa bado kazini, muuguzi katika kituo kimoja cha afya wilayani Muheza. Chanjo ya Uviko-19 ilikuwa ndiyo kwanza imeingia nchini: dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, zilizotua mwishoni mwa Julai kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo hiyo. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 ya mwezi huo. Kila kichupa kilikuwa na dozi tano. Ukishakitoboa una saa sita, tena kiwe kwenye baridi muda wote. Zikipita, kilichobaki unamwaga na kuandika.

Asubuhi moja wakaja watatu: mwalimu mstaafu, dada mwenye kibanda cha miamala ya simu, na mzee mmoja mkulima wa machungwa. Nikawaomba wakae chini ya mwembe, huenda wangetokea wawili wengine. Saa tano bado ni walewale watatu. Mzee akasimama, akakung'uta kofia yake, akasema, "Nesi, machungwa yangu yako barabarani yanasubiri fuso." Akaenda zake. Siku ile sikufungua kichupa. Mwalimu na yule dada walirudi wiki iliyofuata. Mzee sikumwona tena pale kituoni.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini niseme na lingine: dozi iliyomwagwa ilikuwa na fomu yake, na fomu ilikuwa na maswali. Mtu aliyeondoka bila kuchanjwa hakuwa na fomu.

Wauguzi wenzangu hili halitawashangaza. BCG, chanjo ya kifua kikuu ya watoto wachanga, huja dozi ishirini kwa kichupa, nayo ikishachanganywa ina saa sita zilezile. Ndiyo maana mama aliyejifungua Jumatatu huambiwa arudi na mtoto siku ya kliniki, watoto wakusanyike. Kichupa kikubwa hupunguza gharama ya dozi, hapo wahasibu wako sahihi. Ila kinadai watu wawepo.

Kilichotuokoa kilikuwa Mpango Shirikishi na Harakishi wa serikali wa kuwafuata watu na chanjo walipo, ulioanza baadaye mwaka huohuo. Badala ya kukaa kituoni, tulibeba kile kisanduku cha buluu chenye vipande vinne vya barafu tukaenda gulioni, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili. Wenyeviti wa vitongoji walitutangulia, wakasema na watu wao kwa lugha yao, wakajibu maneno ya mitandaoni ambayo sisi wenye makoti meupe tulikuwa tunayadharau tu. Gulioni kichupa kilikwisha kabla sijamaliza kuandika majina. Chanjo ilikuwa ileile na muuguzi ni yuleyule. Safari hii wachanjwaji walikuwepo kabla sijatoboa.

Sasa turudi kwenye kiwanda. Hoja yenu kwamba tusitegemee wengine ni ya kweli, na India ilitufundisha. COVAX ilikuwa imeegemea sana Taasisi ya Serum, watengenezaji wa chanjo wa Pune, India. Machi 2021 maambukizi yalipopanda kwao, India ikazuia mzigo usitoke, na nchi zilizokwisha kutoa dozi ya kwanza zikabaki zinahesabu wiki. Mwenye nyumba inayoungua hawezi kukuazima ndoo. Siwalaumu.

Lakini tazameni kilichotokea Gqeberha, Afrika Kusini. Mwaka 2021 kiwanda cha Aspen kilikuwa kinajaza vichupa vya chanjo hiihii ya Johnson & Johnson, na sehemu ya mzigo ikapelekwa Ulaya wakati Afrika iko foleni. Kelele zikapigwa, na kwa haki. Machi 2022 Aspen wakapata leseni ya kuiuza barani kwa jina lao wenyewe, Aspenovax. Pongezi zikamiminika. Hadi Mei hakuna aliyekuwa ameweka oda hata moja. Misaada ilikuwa imejaa maghala, wodi zimetulia, na walewale waliopiga kelele hawakutoa hata shilingi. Mwezi huohuo wa Machi 2022 Moderna, kampuni ya chanjo ya Marekani, walikubaliana na Kenya kujenga kiwanda cha dola milioni 500. Aprili 2024 wakausimamisha mradi, wakieleza kwamba hawajapata oda ya Afrika tangu 2022.

Mimi hapo naona kichupa changu. Kampuni inaogopa kufungua mtambo kama nilivyoogopa kutoboa, na sababu ni ileile: watatu wapo, wawili hawajulikani kama watakuja.

Na tusiseme Watanzania hatuwezi kutengeneza. Kibaha, Wakala wa Maabara ya Veterinari inatengeneza chanjo ya kideri, inayovumilia joto kuliko nyingi na hudondoshwa kwenye jicho la kuku. Mama mfugaji anaitoa pesa mfukoni, kwa sababu anajua kideri kikiingia bandani hakiachi kitu. Soko lake halisubiri mkutano wa kimataifa. Dakar nako, Taasisi ya Pasteur imekuwa ikitengeneza chanjo ya homa ya manjano tangu miaka ya 1930, kwa kuwa chanjo hiyo ina wanunuzi hata mwaka usio na mlipuko.

Umoja wa Afrika umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe humu humu, kutoka takriban asilimia moja. Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, nao Juni 2024 walizindua mfuko wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka kumi kuwainua watengenezaji wa Afrika. Hizo zitamsaidia muuzaji. Ninachotaka kuona ni nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikisaini kwa pamoja, kwa miaka mingi, kununua chanjo za kawaida za watoto kutoka kiwanda chetu, hata kama bei itazidi ya India kwa kipindi fulani. Itazidi, na wananchi waambiwe hivyo mapema. Najua mtambo wa surua haugeuki usiku mmoja kuwa wa kirusi kipya. Lakini mafundi na wakaguzi wa ubora hawafundishwi ndani ya mwaka wa janga. Wanatakiwa wawe kazini tayari, wanalipwa. Na kwenye bajeti hiyohiyo kuwe na mafuta ya pikipiki na posho ya wale wahudumu wa jamii wanaotangulia gulioni.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wako watakapoalikwa kwenye uwekaji wa jiwe la msingi, nawaomba wamuulize mheshimiwa swali moja kabla ya picha: nani ameshasaini kununua, dozi ngapi, kwa miaka mingapi?

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga.