Heri ya Krismasi, watu wa Lodwar

Ejok! Salamu zangu za Krismasi ziwafikie nyote mlioko Lodwar, mji wetu huku Turkana, kaskazini mwa Kenya, nanyi mlio ndani ya basi mkitoka Kitale, mmekwisha kuipita Lokichar na joto limeanza kuwapokea.

Msimu huu nimeuwaza sana mto wetu. Turkwel huanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako watu huuita Suam, ukapita kwenye korongo lilipojengwa bwawa la umeme kati ya 1986 na 1991, kisha ukakata jangwa hadi Ziwa Turkana. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo maji tunayoyanywa mengi ni mvua iliyowanyeshea watu wengine, mbali huko juu. Nao wastahili salamu zetu.

Mji wenyewe ulianzia ukingoni. Mapema miaka ya 1930 mfanyabiashara Shah Mohamed alifika hapo akaanza biashara. Serikali ya kikoloni ikaja na ofisi yake, zahanati na jela. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali, na wakoloni waliiona kuwa mahali pa kumfichia mtu asahaulike. Mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, wakamleta Lodwar kumzuilia. Hakusahaulika hata kidogo: Machi 1961 viongozi wa vyama vya siasa vya KANU na KADU walisafiri hadi huku kuja kumwona. Kila nikikumbuka hilo najivunia mji huu.

Mikoma ingali imesimama kandokando ya mto, na mama zetu wangali wakisuka vikapu kwa majani yake. Maji yakipungua, utamwona mama amepiga magoti mchangani, amefukua shimo, anangoja maji yajikusanye na kutulia, kisha anayachota kwa kikombe, akimimina kwenye jerikani polepole asiyatibue. Mnaorudi kutoka mijini, chukueni jerikani moja mumsaidie kubeba.

Na mvua ikinyesha, tafadhali msivuke Kawalase, ile laga yetu, yaani mto wa msimu, kwa haraka ya kuwahi karamu. Laga hiyo hujaa ghafla hata kama mbingu za mjini ni nyeupe. Ngojeni ipungue, chakula kitawangoja.

Krismasi njema, na Mwaka Mpya uwe wa malisho na maziwa. Wasalimieni wazee wote nyumbani.