Mtoto Abatizwe Kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaiacha simu mezani mpaka jioni. Tiketi mmeshakata, vizuri. Ila hayo ya mtoto kubatizwa, kwamba "tutaona tukifika Kanada", ndiyo siyaelewi.

Umeniandikia kuwa dini hii tulipewa na waliotununua. Nani alimnunua babu yetu? Alifika Freretown, kijiji cha misheni cha watumwa waliokombolewa hapa Mombasa, mtoto mdogo, ametolewa jahazini na manowari ya Waingereza, kwao hapajui, ana maneno machache tu ya Kiyao. Walionunua na kuuza walikuwa hao wa jahazi. Misheni ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama yeye. Viboko vilikuwapo, sikatai, na waliovichapa walikuwa haohao wanaosali asubuhi. Wewe tangu darasa la nne hukubali kuambiwa nusu ya habari. Mwalimu wako aliniita kwa ajili hiyo, nilijitia kukasirika.

Basi isome na ya Rabai, ile misheni nyingine karibu na Mombasa, usichague. Kule watumwa walitoroka mashambani wakaja wenyewe, kwa miguu yao. Hakuna aliyewakokota. Aliyewapokea ni William Jones, naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa akasomeshwa Bara Hindi, akawa shemasi mwaka 1885. Wenye mashamba walipodai watu wao, kampuni ya Waingereza ikalazimika kulipa fidia, na Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Sasa ukiniambia dini ya Wazungu, nakuuliza: Jones alikuwa Mzungu wa wapi?

Mtoto abatizwe kabla hamjapanda ndege.

Kwa jina sigombani. Haya ya Kiingereza tuliyoandikiwa kwenye daftari la misheni yamekuchosha, najua. Mpe la Kiyao, mpe la kwao mumeo, mpe yote mawili. Nabii yeyote au mfalme yeyote wa Uingereza mkimruka sitanuna. Ninachotaka ni ubatizo.

Na usinikumbushe Jumapili zangu za bandarini. Zamu ilikuwa zamu, na nyingine haikuwa zamu. Nyanya yako ndiye aliyewashika mkono mpaka kanisani Emmanuel, mvua isimzuie, na huko mwendako nyanya hayupo. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Wewe ukiiacha dini unajua unachoacha: zaburi unazo kichwani, hata ukikasirika unakasirika kwa maneno ya Kitabu cha Sala. Yeye ataachaje kitu ambacho hakuwahi kupewa? Unasema atajichagulia akikua. Lugha mbona hamkumngoja achague?

Kazi uliyoipata hakuna aliyewahi kuipata katika ukoo huu. Nimeitangaza Kengeleni nzima, sasa wengine wakiniona wanavuka barabara. Lakini simu hupigi, unatuma sauti, tena unaongea mbio kama mnadi wa samaki. Piga.

Kasisi nimeshaongea naye. Ana nafasi Jumapili ya kwanza ya Desemba, na anataka majina ya wazazi wa ubatizo mapema. Shangazi yako amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Wa pili chagueni nyinyi, awe tu mtu atakayemtafuta mtoto hata akiwa mbali. Mumeo kama hataki kusimama mbele asisimame, akae nyuma na mimi, nimepazoea.

Ule mkoba mkubwa wa safari ulio juu ya kabati zipu yake imeharibika. Nimeupeleka kwa fundi, usinunue mwingine. Nguo za mtoto za baridi msizirundike, atakua kabla hazijavaliwa. Cheti chako cha ubatizo nimekipata ndani ya ile bahasha ya hati ya nyumba, kimeliwa na mende pembeni lakini jina linasomeka. Kasisi atakihitaji.

Tangi linavuja tena. Fundi anakuja Alhamisi na atafunga maji siku nzima, kwa hiyo msije na mtoto siku hiyo. Njooni Ijumaa.

Babako