Yokozuna hakuwa Mjapani

Mhariri,

Sisi wapenzi wa mieleka wote tunamkumbuka Yokozuna, lakini wangapi wanajua jamaa hakuwa Mjapani kabisa? Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Samoa, vile visiwa vya Pasifiki, jina lake Rodney Anoa'i, akabeba mkanda wa ubingwa wa WWF, shirika la mieleka la Marekani, mwaka 1993 huku kavalishwa Ujapani wa kuigiza. Na kabla yake wanamieleka ndugu wawili, Afa na Sika, waliitwa Wasamoa wa porini, wanalishwa samaki wabichi ili waonekane washenzi, kwa kweli inaniuma sana. Leo mwanamieleka Roman Reigns, mtoto wa huyohuyo Sika, anaingia ulingoni na ula fala shingoni, lile shada jekundu la machifu wa Samoa, na ukumbi mzima unasimama! Naomba waandishi wenu wa michezo wakimwandika waitaje na Samoa, wasiishie kusema Mmarekani tu.

Msomaji wenu, Tanga