Mjomba, usiache vidonge vyako vya presha

Shikamoo mjomba.

Juzi kwenye simu uliniambia kuwa tangu 2020 unameza enalapril siku kichwa kinapouma tu, kwa kuwa mtu alikwambia dawa hiyo inamfungulia mlango kirusi cha korona. Usiku ule sikulala vizuri. Nakuandikia hadharani kwa sababu wapo wengi walioambiwa hivyo hivyo.

Aliyekwambia hakuyatunga yote. Kirusi kile kina miiba ya protini, na mwiba wake hunasa kwenye ACE2, protini iliyo juu ya seli zetu, kama mbegu ya kishona nguo inavyonasa kwenye suruali ukipita shambani. Kunasa peke yake hakutoshi. Kimeng'enya kingine chetu wenyewe, TMPRSS2, huukata ule mwiba, ndipo utando wa kirusi unapoungana na utando wa seli na mzigo wake ukaingia ndani. ACE2 iko puani, kwenye mapafu, utumbo, figo na moyo. Unakumbuka mama alivyokaa wiki nzima hanusi hata karafuu? Puani, ACE2 imejaa kwenye seli zinazotunza neva za kunusa kuliko kwenye neva zenyewe.

Lakini mjomba, ACE2 haikuwekwa kwa ajili ya kirusi. Kazi yake ni kuivunja angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu, na kuigeuza kuwa kitu kinachoilegeza. Iko upande wako! Enalapril inazuia ACE, protini nyingine ambayo ni ndugu wa ACE2 tu. ACE2 yenyewe haiguswi.

Hofu ilianza kwa sababu baadhi ya wanyama wa maabara waliopewa dawa za jamii hiyo walionekana kuwa na ACE2 nyingi zaidi. Basi huko Brazil wakachukuliwa wagonjwa 659 wa korona waliokuwa wakitumia dawa hizo. Kwa bahati nasibu wengine wakaambiwa waache kwa siku 30, wengine waendelee. Matokeo yakatoka 2021: walioacha hawakupata nafuu yoyote kuwazidi wenzao. Na kuna kirusi kingine cha jamii ya korona, NL63, kinachopitia ACE2 hiyo hiyo, na mara nyingi huleta mafua tu; kwa hiyo mlango huo peke yake sio unaoleta ugonjwa mkali.

Jumamosi nakuja na kipimo cha presha. Kwa kuwa umekuwa ukiruka dozi muda mrefu, usijipangie mwenyewe. Twende kliniki pamoja, daktari akuone kwanza.