Usiuze hizo spika kwanza

Mambo vipi ndugu yangu,

Nimesoma ulivyoandika kuhusu spika mpya, eti besi haina uzito, mwimbaji hujui kasimama wapi, na kwamba unataka kuziuza. Usiuze! Subiri nikupe kisa changu halafu unicheke.

Mi nilikaa na shida hiyohiyo kama miezi mitatu hivi. Nikalaumu amplifaya, nikalaumu albamu, nikaanza hadi kutamani waya za bei ya kichaa. Siku moja nafagia nyuma ya spika ya kushoto naona waya nyekundu nimeichomeka kwenye tundu jeusi na nyeusi kwenye jekundu, yaani spika moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, besi zinauana hapo katikati. Nikageuza, nikaweka albamu ileile, aisee, mwimbaji akaja akasimama katikati ya spika mbili, pale ambapo hakuna kitu kabisa, nikabaki natazama ukuta kama mjinga. Kwa hiyo leo kabla ya chochote kaangalie waya zako.

Zikiwa sawa, zitoe spika ukutani, hata nusu mita ya kuanzia, maana ukizibana kwenye kona besi inavimba inafunika kila kitu. Ukiona sasa besi imepungua sana, zirudishe nyuma kidogokidogo mpaka itulie. Umbali wa spika kwa spika uwe karibu sawa na umbali wa kila moja mpaka unapokaa, na zile ndogo za juu, twita, ziwe usawa wa masikio. Zulia mbele yake kama unalo. Ni jasho tu, na walio ndani watalalamika spika zimekaa njiani (wangu walishakata tamaa na mimi).

Sasa nilichotaka hasa kukwambia ni rekodi zenyewe. Vyombo vikikaa sawa ndo unaanza kujua nani alirekodi vizuri na nani alikuwa anatubania. Weka Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Walirekodi 1959, siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, kwenye studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia mtaa wa 30 New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, dari ilikuwa juu huko. Na hiyo dari unaisikia bwana! Tarumbeta ikikata, sauti haifi palepale, inapanda kwanza halafu ndo inayeyuka. Wapiga saksafoni wake, Coltrane kakaa kushoto, Adderley kulia, ukifumba macho unaweza kuwanyooshea kidole.

Halafu hiyo albamu ina kituko. Siku ya kwanza mashine kuu ya tepu ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, basi tepu ikipigwa kwenye mashine iliyo sawa, nyimbo za upande wa kwanza zinakwenda mbio kidogo na sauti inapanda kidogo, ukijaribu kupiga ala yako pamoja nazo hamlingani. Dunia nzima ikasikiliza hivyo zaidi ya miaka thelathini! Wakaja kurekebisha kwenye toleo la 1992, kwa tepu ya akiba ya mashine ya pili. Mi nilisikia yote mawili, na ile iliyorekebishwa inapumua, ingawa ile ya zamani nayo ndo niliyoizoea, sasa nifanyeje.

Ndo maana nasema uangalie toleo, sio jina la albamu tu. Kuna albamu za zamani zilitolewa upya zikapandishwa sauti hadi mwisho, pale pa kunong'ona pamekuwa sawa na pa kupiga kelele, ngoma ikigongwa haina kishindo tena. Mwanzoni zinakudanganya kwa sababu zina kelele zaidi, masikio yanapenda kelele. Dawa yake punguza volyumu ya toleo jipya mpaka lilingane na la zamani, utaona ipi inakuchosha nyimbo tatu tu na ipi unafika mwisho bila kujua.

Mi siku hizi nazima taa, simu naacha chumba kingine, albamu moja kuanzia mwanzo. Kinachonimaliza sio besi wala nini, ni vile vitu vidogo, mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba, kiti kinalia, kidole kinateleza kwenye waya wa gitaa.

Haya kaangalie hizo waya uniandikie usiku huuhuu. Ukikuta zilikuwa sawa tangu mwanzo, nijibu tu kimyakimya, hapo tutakuwa na kazi nyingine.