Yule mchoraji wa dirishani

Bombo, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako na asali nimevipokea kwa dereva wa basi la Arua. Alhamdulillahi mama watoto amejifungua salama. Huku sote wazima, ila mvua imenikalisha ndani siku mbili na mabango matatu yamegoma kukauka.

Umeniuliza kuhusu yule bwana anayetaka umchoree bango: koti jeupe, mipira ya kusikilizia moyo shingoni, neno "Dokta" kwa herufi nyekundu, na chini yake kisukari, presha, UKIMWI, mpenzi aliyetoroka na viza ya ng'ambo. Unasema arubuni yake ni nono, na kwamba usipochora wewe atachora mwingine. Swali lako limeninyima usingizi. Nivumilie, jibu langu linaanzia mbali.

Mpwa wangu, yule anayesomea sanaa Makerere, alikuja juzi na picha kwenye simu. Ni kazi za wachoraji wa zamani wa Ulaya, na zote zinaonyesha matapeli wa dawa. Mimi nilikuwa nadhani balaa hili ni letu peke yetu! Kuna moja ya Hieronymus Bosch, aliyefariki mwaka 1516. Picha yenyewe iko Madrid, katika jumba la Prado. Mgonjwa ameketi kitini nje uwanjani, daktari anampasua kichwa amtoe jiwe la wazimu. Daktari huyo amevaa faneli kichwani, kama hii yetu ya kumiminia mafuta ya taa, na kinachotoka kwenye kidonda ni ua. Pembeni mwanamke ametulia, kitabu kimefungwa, amejitwika utosini.

Lakini iliyonishika ni ya Gerrit Dou wa mji wa Leiden, mwaka 1652. Tapeli amesimama nyuma ya meza, mbele yake ametandaza cheti chenye mhuri. Watu wamemzunguka wakimsikiliza. Chini, karibu kabisa na meza, mama anamfuta mtoto makalio. Mpwa wangu anasema hapo mchoraji ametoa maoni yake kuhusu maneno ya daktari. Sasa tazama nyuma ya tapeli. Dirishani ameinama mtu mwenye kibao cha rangi na brashi mkononi, anatukazia macho sisi tunaotazama. Ni Dou mwenyewe. Angeweza kujichora katikati ya umati, pamoja na wanaodanganywa. Amejiweka mgongoni kwa tapeli.

Nilimwambia mpwa wangu aache simu hapo hapo asisogeze. Kwa maana ule mhuri mezani, nani huwa anauchora? Ni fundi kama wewe na mimi.

Kisha akanionyesha ya Mwingereza James Gillray, ya mwaka 1801. Mzee mnene anakunja uso huku daktari akimgusa pua nyekundu kwa kijiti cha chuma, na chupa ya brandi iko pale pale mezani. Vijiti vile vilikuwepo kweli. Mmarekani Elisha Perkins alivipatia hataza, yaani haki ya kuvitengeneza na kuviuza peke yake, mwaka 1796, akidai vinavuta maumivu nje ya mwili, na watu wakubwa walivinunua. Mwaka 1799 daktari John Haygarth, katika mji wa Bath, aliwagusa wagonjwa watano wa baridi yabisi kwa vijiti vya mti vilivyofanana na vile vya chuma. Wanne wakasema wamepata nafuu. Kesho yake akawagusa kwa vya chuma, mambo yakawa yale yale.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yetu. Mgonjwa alipata nafuu kwa macho. Anachokiuza yule bwana wako hakimo kwenye jerikeni lake la maji ya mizizi. Kimo kwenye bango. Ndiyo maana amekutafuta wewe mwenye mkono mzuri, hakumpa kazi kijana wa kuchorea bodaboda.

Wala usidhani nawasimanga waganga wetu. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa bado anasomea udaktari, aliona huko Kahura, Bunyoro, mganga akimpasua mama tumbo kumtoa mtoto. Mganga alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha tumbo kwa hiyo hiyo, akamnywesha mama hadi akalewa nusu. Kidonda alikibana kwa vyuma vyembamba na nyuzi za gome la mti, akapaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga, mama na mtoto wazima. Felkin alichapisha habari hiyo pamoja na mchoro mwaka 1884. Mganga yule hakuhitaji koti jeupe. Alihitaji mkono usiotetemeka.

Sasa nikuambie nililokuficha. Unalikumbuka lile bango tulilochora pamoja karibu na kituo cha teksi, la kijani, lenye nyoka na kikombe? Herufi zilikuwa zangu. Jirani yangu, yule bibi aliyekuwa akituletea uji tulipokuwa wanagenzi, alilisoma. Aliacha vidonge vyake vya kisukari, akanywa ile dawa ya chupa miezi minne. Alipata kidonda cha dole gumba, kikapanda. Walimkata mguu chini ya goti. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Mwanangu, bango lilikuwa safi sana, nikajua ni mahali pa serikali." Hajui kwamba ni mimi. Uji wake nimeunywa tena siku ile, na sikuweza kumwambia.

Kwa hiyo ndugu yangu, mrudishie arubuni yake. Atachora mwingine, ndiyo, lakini huenda akachora vibaya, na bango baya huwapa watu shaka, wakapita zao.

Najua una mtoto mchanga na gharama hazingoji. Kuna shule hapa inataka ramani ya Uganda ukutani, mita 8 kwa 3, na peke yangu sitaiweza. Nusu ya kianzio nakutumia kesho kwa simu. Arobaini ikiisha, panda basi uje. Njoo na brashi yako nyembamba ya kuandikia majina ya mito. Yangu imeanza kunyonyoka.

Msalimie mama watoto, na mtoto mbusu utosini kwa niaba yangu.

Wako,
Fundi mwenzako